Ukungu Ukutani: Kabla ya Kusugua, Tafuta Maji Yanakotoka

Kabati la nguo lilikuwa halijasogezwa kwa miaka miwili hivi. Siku nilipolivuta kutafuta ufunguo uliodondokea nyuma yake, nilikuta ukutani doa lenye upana wa sinia. Katikati lilikuwa jeusi, pembezoni kijani kilichofifia, na nilipolimulika kwa tochi kutoka ubavuni likaonekana lina manyoya mafupi kama mahameli. Ubao wa nyuma wa kabati ulikuwa umevimba, ukibonyea kwa kidole. Viatu vya ngozi vilivyokaa chini vilikuwa vimeota koga nyeupe hadi kwenye kamba. Na ile harufu ya uvundo ambayo kwa miezi nilikuwa nikiisingizia nguo za zamani, nikajua hapo hapo inatoka wapi.

Nilifanya wanachofanya wengi. Nilitia dawa ya klorini kwenye ndoo ya maji, nikasugua kwa brashi mpaka ukuta ukawa mweupe, nikarudisha kabati. Baada ya wiki tatu doa lilikuwa limerudi, palepale, kwa umbo lilelile. Nikasugua tena. Mara ya tatu nikapaka rangi juu yake, rangi nzito ambayo kopo lake liliahidi kuzuia ukungu. Rangi ikatoa malengelenge, malengelenge yakapasuka, na doa likachungulia kutoka ndani.

Ndipo nilipojiuliza swali ambalo lilipaswa kuwa la kwanza: ukungu huu unakunywa maji ya wapi? Tangu hapo nimesaidia ndugu na majirani kadhaa kuchunguza kuta zao, na karibu kila mara aliyehangaika miaka nenda miaka rudi alikuwa amelirukia swali hilo akakimbilia brashi.

Kiumbe chenyewe

Tunauita ukungu, kuvu, fangasi, au koga ukiwa juu ya nguo na ngozi. Yote ni jamii moja kubwa ya viumbe ambavyo si mimea wala wanyama. Kinachoonekana kama doa ni nyuzi nyembamba mno zilizofumana, ambazo zinatambaa juu ya kitu na kupenya ndani yake zikikimeng'enya na kukifyonza. Nyuzi hizo zikikomaa hutoa vijimbegu vidogo kiasi kwamba jicho haliwezi kukiona kimoja kimoja, na hivyo vijimbegu ndivyo vinavyopeperuka hewani na kuanzisha doa jingine.

Nje ya nyumba, kuvu wana kazi ya heshima. Ndio wanaoozesha majani na magogo yaliyoanguka ili udongo upate tena rutuba. Mwaka 1928, jijini London, Alexander Fleming aliona ukungu ulioingia kwa bahati kwenye kisahani chake cha maabara umezuia bakteria kukua karibu nao, na kutokana na ukungu huo dunia ikapata penisilini. Ndugu wa karibu wa kuvu yule ni miongoni mwa wanaoota nyuma ya makabati yetu.

Shida ni kwamba ukungu haujui tofauti kati ya gogo lililoanguka msituni na ubao wa kabati lako. Unahitaji vitu vichache tu: vijimbegu, hewa, joto la wastani, chakula na maji. Vijimbegu vimo katika kila hewa unayovuta, ndani na nje, katika nyumba chafu na katika nyumba inayodekiwa mara mbili kwa siku. Joto linalotufaa sisi linaufaa na wenyewe. Chakula ni karatasi, mbao, kadibodi, pamba, ngozi, gundi, na ile karatasi inayofunika bodi za jipsamu. Hata kioo na vigae, ambavyo hauwezi kuvila, huwa na utando wa vumbi, mafuta na mabaki ya sabuni, na utando huo unatosha kuushibisha.

Kwa hiyo katika orodha yote hiyo, maji ndiyo pekee ambayo mwenye nyumba ana uwezo wa kuyanyima. Anayekuuzia dawa ya kumaliza vijimbegu vyote nyumbani anakuuzia kitu kisichowezekana. Utavimaliza asubuhi, na ukifungua mlango jioni vitakuwa vimeingia vingine.

Hewa hubeba maji, na kila hewa ina uwezo wake

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, nami nilipotea hapa kwa muda mrefu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi kuliko hewa baridi. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzijoto 10 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 9 na kidogo za mvuke. Hewa ya nyuzi 20 hubeba gramu 17 hivi. Ya nyuzi 30 hubeba gramu 30. Kipima unyevu kinapoonyesha asilimia 60, maana yake ni kwamba hewa imebeba asilimia 60 ya mzigo wote inaoweza kuubeba katika joto lile. Asilimia hiyo hiyo katika joto jingine ni kiasi kingine kabisa cha maji.

Sasa chukua chumba chenye nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 60. Katikati ya chumba hakuna tatizo. Lakini hewa ile ile inapougusa ukuta wenye nyuzi 15, inapoa, na uwezo wake wa kubeba unapungua huku mzigo ukiwa ule ule. Pale usoni mwa ukuta unyevu unapanda hadi zaidi ya asilimia 80. Ukuta ukipoa hadi nyuzi 12 hivi, hewa inashindwa kubeba na kuanza kutua mzigo: ukuta unatoka jasho, kama chupa ya maji baridi iliyowekwa mezani.

Jambo ambalo watu hawaambiwi ni kwamba ukungu hausubiri jasho. Ukuta ambao uso wake unakaa kwenye asilimia 80 siku baada ya siku unatosha kuuotesha, hata kama ukipitisha kiganja utasema ni mkavu. Ndiyo maana ukungu huchagua kona za nje za chumba, nyuma ya makabati, chini ya vitanda vilivyosukumwa hadi ukutani, na pembe ambako ukuta unakutana na dari. Sehemu hizo hupoa zaidi, na hewa haizungukii pale kuzikausha. Kabati lililobana ukuta hufanya kazi kama blanketi. Linauzuia ukuta usipate joto la chumba, lakini mvuke unapenya nyuma yake bila shida.

Mapendekezo ya wataalamu wa afya ya majengo ni kwamba unyevu wa ndani usizidi asilimia 60, na ikiwezekana ukae kati ya 30 na 50. Kipima unyevu cha kawaida hakigharimu sana, na ningemshauri yeyote anayepambana na ukungu akinunue kabla ya kununua dawa yoyote ya kunyunyiza. Kiweke chumbani kwa wiki moja, ukikisoma asubuhi, mchana na usiku. Utajifunza mambo ya nyumba yako ambayo hukuyajua.

Utaona, kwa mfano, jinsi usingizi wenyewe unavyolowesha chumba. Mtu aliyelala hutoa, kwa pumzi na jasho, kama gramu 40 za maji kila saa. Wawili wakilala saa nane milango na madirisha yakiwa yamefungwa, wameshatoa zaidi ya nusu lita. Nguo za mashine moja zikianikwa ndani zinaweza kuachia lita 2. Na gesi ya kupikia, hata kabla hujaweka sufuria juu yake, inazaa maji kwa kuungua kwake: kilo 1 ya gesi ya mtungi hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya mvuke. Yote hayo yanakwenda mahali. Yasipopata dirisha, yatautafuta ukuta ulio baridi kuliko zote.

Kusoma doa

Mvuke wa ndani ni chanzo kimoja tu. Maji huingia nyumbani kwa njia nyingine tatu: kutoka juu, kutoka chini, na kutoka kwenye mabomba. Kila njia huacha alama yake, na fundi mzuri husoma alama kabla ya kushika nyundo.

Maji ya juu huja na mvua. Doa linaanzia darini au sehemu ya juu ya ukuta, lina ukingo wa kahawia kama ramani, na linakua baada ya kila mvua kubwa. Chanzo mara nyingi ni bati au kigae kilichohama, gata lililoziba majani likafurika kuelekea ukutani, au ufa unaozunguka fremu ya dirisha. Usidanganyike na mahali doa lilipo. Maji yanaweza kuingia upande mmoja wa paa, yakafuata boriti mita kadhaa, kisha yakadondokea mahali ambapo bati la juu yake ni zima kabisa.

Maji ya chini hupanda kutoka ardhini. Tofali na lipu vina vinyweleo, na vinyweleo hunyonya maji kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa. Nyumba iliyojengwa vizuri ina tabaka la nailoni nzito au lami juu ya msingi ili kukata njia hiyo. Tabaka likikosekana, au likipasuka, au udongo wa bustani ukirundikwa nje mpaka ukalipita, maji yanapanda. Unaona mstari wa unyevu usawa wa goti au zaidi, rangi inabanduka, lipu inamomonyoka, na unga mweupe unajitokeza juu yake. Unga huo wengi huudhani ni ukungu. Mara nyingi ni chumvi iliyoletwa na maji kutoka ardhini na kuachwa pale maji yalipokauka. Dondoshea tone la maji: chumvi itayeyuka na kupotea, ukungu hautayeyuka. Tofauti ni muhimu, kwa sababu dawa ya ukungu haiwezi kuifanya chumvi lolote, na chumvi inakueleza moja kwa moja kwamba ukuta unanyonya.

Mabomba ndiyo yenye hila kuliko yote, kwa kuwa yamefichwa. Dalili yake ni doa lisilojali mvua wala kiangazi. Funga kila bomba nyumbani usiku, soma mita ya maji, isome tena asubuhi kabla mtu hajatumia. Ikiwa imesogea, maji yanapita mahali usipopaona. Ila bomba la maji machafu halipiti kwenye mita, kwa hiyo mita iliyotulia haimaanishi kuwa mabomba yote ni salama.

Niongeze na maji ambayo watu huyasahau kabisa, yale yaliyojengewa humo. Zege, lipu na sakafu ya saruji huchanganywa kwa maji mengi, na maji hayo hayaishi siku ukuta unapokuwa mgumu. Mafundi wengi hukadiria kuwa sakafu ya saruji hukauka kama sentimita mbili na nusu za unene kwa mwezi, tena hali ya hewa ikiwa nzuri. Anayehamia nyumba mpya, akapaka rangi nzito ya plastiki mapema, akabandika makabati ukutani, amefungia maji hayo ndani. Miezi michache baadaye anaona ukungu katika nyumba isiyo na ufa hata mmoja na kudhani fundi amemwibia saruji. Huenda fundi hana kosa, ila nyumba haikupewa muda.

Kipande cha karatasi ya alumini

Namna gani utajua kama maji yanatoka chumbani au yanapenya ukutani? Kuna jaribio rahisi ambalo lingeniokolea mwaka mzima laiti ningelijua mapema.

Kata kipande cha mraba cha karatasi ya alumini ya jikoni, au nailoni inayoonyesha upande wa pili, urefu wa kalamu kila upande. Futa ukuta ukauke usoni. Bandika kipande hicho kwa seloteipu pande zote nne, kisiachie hata tundu. Kiache siku mbili. Kisha kiangalie kwanza kwa nje, halafu kibandue uangalie ndani. Unyevu ukiwa juu, upande unaotazama chumba, hewa ya chumba ndiyo inayoulowesha ukuta. Ukiwa chini, upande uliogusa ukuta, maji yamo ndani ya ukuta na yanatafuta pa kutokea. Pande zote mbili zikiloa, una kazi mbili.

Nilibandika vipande viwili, kimoja karibu na doa na kingine ukuta wa pili, kwa kulinganisha. Cha ukuta wa pili kilikuwa kikavu nje na ndani. Cha kwenye doa kilikuwa kikavu kwa nje, lakini nilipokibandua, mgongo wake ulikuwa umejaa vitone vidogo vilivyopangana kama shanga, na vikateremka hadi kwenye kidole changu. Mwaka mzima nilikuwa nikifungua madirisha nikiamini ni mvuke.

Upande wa pili wa ukuta ule ni bafu. Nilipiga magoti na tochi, nikapitisha ukucha kwenye maungio ya vigae. Usawa wa kiuno, pale maji ya kuoga yanapopiga kila siku, ile saruji nyembamba ya kuunganishia vigae ilikuwa imekuwa unga. Ukucha ulizama. Kwa siku kumi tukaogea kona nyingine ya bafu, nikabandika karatasi mpya chumbani, na safari hii vitone vilikuwa vya kuhesabu. Hapo sikuhitaji ushahidi mwingine.

Je, ufungue dirisha?

Ushauri wa kila mtu ni kufungua madirisha. Ni ushauri mzuri kwa siku nyingi na mbaya kwa siku nyingine, na hesabu ya hapo juu ndiyo inayoamua.

Tuseme nje kuna baridi ya nyuzi 10 na mvua inanyesha, unyevu wa nje ni asilimia 95. Ndani ni nyuzi 22 na asilimia 60. Watu wengi watafunga dirisha kwa sababu nje kumelowa. Lakini hewa ile ya nje imebeba gramu 9 tu kwa kila mita ya ujazo, na ya ndani imebeba karibu 12. Ukifungua dirisha kwa dakika kumi, nyumba inakauka, hata kama mvua inanyesha.

Geuza hali. Nje ni nyuzi 30 na asilimia 75, ndani kiyoyozi kimeshusha joto hadi nyuzi 24 na unyevu asilimia 55. Hewa ya nje imebeba karibu gramu 23, ya ndani 12. Kufungua dirisha hapo ni kuingiza maji kwa ndoo. Hewa hiyo itakutana na kuta, marumaru na nguo zilizopozwa, na itatua mzigo wake juu yake. Nyumba zinazotumia kiyoyozi mchana na kuachwa wazi usiku huota ukungu kwa njia hii, na wenyewe hubaki wakishangaa kwa kuwa "tunapitisha hewa sana". Pia angalia mrija unaotoa maji ya kiyoyozi. Ukiziba, maji hurudi ndani ya ukuta kimyakimya.

Palipo na mvuke mwingi kwa muda mfupi, yaani bafuni na jikoni, hakuna utata: uondoe pale pale unapozaliwa. Funika sufuria, fungua dirisha la jikoni na ufunge mlango wa kwenda vyumbani, washa feni ya kutolea hewa na iache iendelee kwa muda baada ya kuoga. Feni inayosukumia mvuke darini badala ya nje ya nyumba imehamisha tatizo tu. Nguo zianikwe nje kila inapowezekana.

Afya, na hofu ya ukungu mweusi

Kuishi ndani ya unyevu na ukungu kunaumiza. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 uliunganisha nyumba zenye unyevu na kikohozi, kukorota kwa kifua, pumu na maambukizi ya njia ya hewa. Watoto wadogo, wazee, wenye pumu, na wale ambao kinga ya mwili imeshuka ndio wa kulindwa kwanza. Wenye kinga dhaifu wanaweza hata kuotwa na kuvu ndani ya mapafu. Mwongozo ule haukuweka idadi ya vijimbegu inayokubalika hewani, bali ulitaka unyevu uzuiwe na ukionekana uondolewe. Kwa sababu hiyo sioni faida ya kulipia vipimo vya maabara ili kujua aina ya ukungu. Uitwe jina lolote, kazi ni ile ile.

Kuhusu ukungu mweusi unaosemekana kuua, hofu hiyo ina chanzo. Katika miaka ya 1990, jijini Cleveland nchini Marekani, watoto wachanga walivuja damu mapafuni, na wachunguzi wa awali wakauhusisha ugonjwa na kuvu mweusi aitwaye Stachybotrys. Mwaka 2000 CDC, taasisi ya nchi hiyo ya kudhibiti magonjwa, ilitangaza, baada ya kupitia upya ushahidi, kwamba uhusiano huo haukuthibitishwa. Zaidi ya hapo, kuvu wengi wa kawaida ni weusi. Rangi haikuambii sumu, na ukungu wa kijani au mweupe hauna cheti cha usalama.

Lakini kuna kisa kingine ambacho sipendi kisahaulike. Desemba 2020, mjini Rochdale, Uingereza, mtoto wa miaka miwili aitwaye Awaab Ishak alifariki. Mwezi Novemba 2022 ofisa aliyechunguza kifo chake alihitimisha kuwa kilitokana na ugonjwa wa njia ya hewa uliosababishwa na kukaa muda mrefu ndani ya ukungu katika nyumba ya kupanga. Baba yake alikuwa ametoa taarifa tangu 2017, akaambiwa apake rangi juu yake. Wasimamizi wa nyumba walidhani chanzo ni namna familia ilivyokuwa ikiishi. Kutokana na kifo hicho, mwaka 2023 ilipitishwa sheria ya kuwabana wamiliki wa nyumba za kijamii, yaani zinazopangishwa kwa bei nafuu, wachunguze na kurekebisha ndani ya muda maalumu, na vipengele vyake vikaanza kutumika Oktoba 2025.

Nimekieleza kwa sababu mabishano yale yale yanarudiwa kila mahali penye mpangaji na mwenye nyumba. Mmoja anasema "hamfungui madirisha", mwingine anasema "nyumba mbovu". Jaribio la karatasi ya alumini, picha zenye tarehe na kumbukumbu za kipima unyevu humaliza ubishi huo kwa haki. Kama maji yanapenya ukutani, hakuna kiasi cha kufungua madirisha kitakachomfanya mpangaji aukaushe. Kama ni mvuke wa ndani, bado inafaa kuuliza kama nyumba ina dirisha la bafuni linalofunguka.

Kusafisha

Kazi hii ifanyike baada ya maji kuzibwa, au angalau sambamba nayo. Eneo lisilozidi mita moja ya mraba unaweza kulisafisha mwenyewe. Likizidi sana hapo, au likiwa limetokana na maji machafu, au ukiwa na pumu, mwite mwenye vifaa.

Vaa glavu, miwani inayofunika macho na barakoa ya aina ya N95. Kitambaa cha kawaida hakizuii vijimbegu. Funga mlango wa chumba, fungua dirisha, zima feni. Usisugue doa likiwa kavu hata kidogo, kwani kila mpigo wa brashi kavu unarusha vijimbegu chumba kizima. Lilowanishe kwa maji ya sabuni, lifute kwa vitambaa utakavyovitupa kwenye mfuko uliofungwa, rudia kwa maji safi, kisha kausha. Feni iwashwe sasa, doa likiwa limeshaondoka.

Sabuni ya kawaida inatosha katika hali nyingi, kwa kuwa lengo ni kuuondoa ukungu. Ukungu uliouawa na kuachwa ukutani bado unawasha na kuchochea pumu. Klorini inafaa juu ya vigae, kioo na plastiki. Juu ya lipu na mbao, maji yake yanazama ndani huku klorini yenyewe ikifanya kazi juu juu: rangi ya doa inatoweka, nyuzi za ndani zinabaki, tena umeshazinywesha. Hicho ndicho nilichokuwa nikikifanya kila baada ya wiki tatu. Na usithubutu kuichanganya klorini na siki, na asidi ya kusafishia choo, wala na dawa yenye amonia. Mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu, na bafu dogo hujaa haraka.

Vitu vinavyonyonya ndivyo vinavyouma moyo. Godoro na mito ya sponji ikishaota ndani, iage. Hali kadhalika bodi za dari zilizolainika. Nguo zifuliwe na kuanikwa juani. Viatu na mikoba vikaushwe kwanza, vipigwe brashi nje ya nyumba, kisha vifutwe kwa kitambaa chenye spiriti kidogo. Vitabu na vyeti vilivyoloa ambavyo huwezi kuvikausha upesi, vifunge kwenye mfuko uviweke kwenye friza. Baridi haiui ukungu ila inausimamisha, nawe unapata muda wa kuvikausha kimoja kimoja. Wahifadhi wa nyaraka hufanya hivyo baada ya mafuriko.

Nyumba ikiloa ghafla, kwa bomba kupasuka au maji kuingia, shindana na saa. Una saa 24 hadi 48 za kukausha kabla ukungu haujaanza. Toa mazulia nje kwanza, fungua makabati ya chini, inua magodoro, kisha ndiyo upige simu kwa fundi.

Ukuta wangu haukukauka kwa wiki. Fundi alichimbua maungio ya vigae bafuni, akayajaza upya, akaziba na kona ya sakafu. Chumbani nilikwangua rangi yote kuzunguka doa hadi kwenye lipu ili ukuta upumue, nikaacha kabati katikati ya chumba, tukawa tunalizunguka tukienda kulala. Kila wiki ya pili nilibandika karatasi mpya. Ya wiki ya sita ilikuwa bado na utando mwembamba wa mvuke mgongoni. Ya wiki ya kumi nilipoibandua ilikuwa kavu, inang'aa pande zote mbili. Nikaiacha nyingine siku nne zaidi kwa kutoamini, nayo ikatoka kavu. Nikapaka rangi jioni ile, na kabati likarudi, safari hii likiwa na nafasi ya kiganja kati yake na ukuta.